Kikundi chenu kinataka programu ya kusimamia kazi? Someni haya kabla ya kuchagua

Katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kuanzia Nakivale hadi Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja, vikundi vya wakimbizi na wenyeji vinafanya kazi kubwa vikiwa na watu wachache. Kuna mafunzo ya ushonaji, mashamba ya mboga, utengenezaji wa sabuni, madarasa ya lugha, vikundi vya kuweka na kukopa. Kikundi kikiwa na shughuli moja, daftari la katibu linatosha. Kikipata mfadhili wa kwanza, mambo hubadilika. Sasa kuna mpango kazi, bajeti, tarehe za ripoti, risiti, picha na orodha za mahudhurio, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kukishughulikia.

Hapo ndipo mambo huanza kupotea. Ripoti ilitakiwa tarehe 30, lakini kila mmoja alidhani mwenzake anaiandika. Picha ya risiti ya vitambaa iko kwenye simu ya mtu aliyesafiri. Mfadhili anasubiri ripoti, anachelewesha awamu ya pili ya fedha, na wasichana waliokuwa wakijifunza cherehani wanarudi nyumbani katikati ya mafunzo. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekuwa mvivu. Kazi haikuandikwa mahali ambapo wote wanaiona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya kikundi ni hivyo hivyo.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua programu ya kusimamia kazi kwa kikundi cha watu watano hadi kumi, wenye simu za kawaida, bando dogo na umeme wa sola. Msifikirie sana programu ipi ni maarufu. Angalieni mambo mawili: je, kila mmoja wenu ataweza kuifungua? Na je, kazi itabaki salama mtu mmoja akiondoka?

Programu hizi hufanya nini?

Kila programu ya kusimamia kazi, iwe ya bure au ya kulipia, hujibu maswali manne: kazi gani inatakiwa kufanyika, nani anaifanya, inatakiwa kuisha lini, na imefikia wapi. Mengine yote ni nyongeza.

Nyingi hutumia mfano wa ubao wenye safu tatu: Za kufanya, Zinafanyika, Zimekwisha. Kila kazi huandikwa kwenye kadi yake, na kadi husogezwa kutoka safu moja kwenda nyingine. Mtindo huu unaitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya ubao wa tangazo. Ulianza katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno alitumia kadi za karatasi kuonyesha ni kipuri gani kinahitajika na wapi. Kwa hiyo wazo lenyewe ni la karatasi, na hata leo mnaweza kuanza nalo bila simu yoyote.

Kwanza, hesabuni mlicho nacho

Kabla ya kupakua chochote, kaeni pamoja kwa saa moja na mwandike mambo haya kwenye karatasi.

Orodhesheni kazi zote za mwezi huu, kubwa na ndogo. Kama hazifiki 15, huenda hamhitaji programu kabisa; ubao ukutani na kikao cha kila wiki vinatosha.

Hesabuni simu. Wangapi wana simu janja inayofanya kazi vizuri? Wangapi wana simu ya kubonyeza tu? Simu ipi imejaa picha kiasi kwamba haipokei programu mpya? Andikeni pia nani ana kompyuta, na inachajiwa wapi.

Hesabuni bando. Tangu Julai 2021, Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye bando za intaneti, na gharama hiyo imo tayari katika bei mnayolipa. Ulizaneni bila aibu: ni nani anayenunua bando kila siku, na ni nani hununua mara moja kwa wiki? Mtu anayeingia mtandaoni Jumamosi tu hawezi kupewa programu inayomtaka aingie kila asubuhi, labda kikundi kimlipie bando.

Maswali sita ya kuuliza kuhusu programu yoyote

1. Je, inafunguka kwenye simu dhaifu kuliko zote? Msijaribu kwenye simu ya mwenyekiti, ambayo pengine ndiyo mpya. Chukueni simu ya zamani zaidi katika kikundi, mjaribu kuingia, kuandika kazi moja na kuambatisha picha ya risiti. Ikikwama hapo, itamwacha nje mwanakikundi mmoja, na mara nyingi huyo ndiye anayekwenda shambani au nyumba kwa nyumba, ambaye taarifa zake mnazihitaji zaidi.

2. Je, inafanya kazi bila intaneti? Mtandao hukatika, na safari nyingine haupo kabisa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Programu nzuri huwaruhusu kuandika mkiwa nje ya mtandao, kisha hutuma yenyewe mtandao ukirudi. Jaribuni: zimeni data, andikeni kazi, washeni data, kisha mwone kama imefika kwa wengine.

3. Ni ya bure mpaka wapi? Programu nyingi ni za bure kwa watu wachache, kisha hutoza kwa kila mtu kwa kila mwezi. Pigeni hesabu ya mwaka. Ikiwa programu inatoza dola 10 kwa mtu kwa mwezi na ninyi ni saba, hiyo ni dola 840 kwa mwaka. Kwa kikundi kidogo, hizo ni pesa za kununulia vifaa vya kazi. Angalieni pia namna ya kulipa: kampuni nyingi za nje hutaka kadi ya benki na hazipokei pesa za simu.

4. Lugha ni ipi? WhatsApp ina Kiswahili, lakini programu nyingi za kusimamia kazi zina vitufe vya Kiingereza au Kifaransa. Hilo lisiwazuie, kwa sababu ndani ya kadi mnaandika lugha yenu wenyewe. Ila mtu asiyesoma lugha ya vitufe anahitaji kuonyeshwa kwa mkono, zaidi ya mara moja.

5. Mnaweza kutoa taarifa zenu? Siku mtakapotaka kuhama, au kampuni itakapobadilisha masharti, mtahitaji orodha ya kazi zenu katika jedwali la kawaida kama la Excel, au angalau kwenye karatasi. Tafuteni mapema namna ya kuipata.

6. Akaunti ni ya nani? Swali hili ni zito, na tutalirudia hapa chini.

Chaguo zilizo mbele yenu

Ubao ukutani. Karatasi kubwa, safu tatu na vipande vya karatasi vya kubandika. Hauhitaji chaji wala bando, na hata asiye na simu anaona jina lake na kazi yake. Udhaifu wake ni kwamba hauonekani ukiwa mbali. Dawa yake ni ndogo: mtu mmoja aupige picha kila Ijumaa na kuituma kwenye kundi lenu la WhatsApp.

WhatsApp peke yake. Karibu kila kikundi kinayo, na kwa kupashana habari haina mshindani. Lakini kwa kukumbuka kazi ni dhaifu. Ujumbe wa "nani atachukua vitambaa kesho?" unafunikwa na salamu, rambirambi na video 40 kabla ya jioni. Mnaweza kubandika ujumbe juu ya kundi ili usipotee, lakini hubaki hapo kwa muda mlioweka tu, usiozidi siku 30. Tumieni WhatsApp kukumbushana. Msiitumie kama kabati la kumbukumbu za kikundi.

Google Sheets. Haya ni majedwali ya mtandaoni, ya bure kwa mwenye akaunti ya Google, na watu wengi wanaweza kuandika kwa wakati mmoja. Tengenezeni safu tano: Kazi, Mhusika, Tarehe ya mwisho, Hali, Maelezo. Kwenye simu, faili likiwekwa kutumika nje ya mtandao kabla hamjaondoka penye mtandao, mtaweza kuandika hata porini. Mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, historia ya faili huwaruhusu kurudisha hali ya awali. Faida nyingine ni kwamba bajeti inaweza kukaa kwenye faili hilo hilo, katika ukurasa wa pili. Ubaya wake ni kwamba kwenye kioo kidogo cha simu, jedwali refu huchosha macho.

Trello. Ilianza mwaka 2011 na sasa ni mali ya kampuni ya Atlassian. Ni ule ubao wa safu tatu uliohamishiwa kwenye simu. Kadi hubeba jina la mhusika, tarehe, orodha ya hatua na picha ya risiti. Hujifunzwa haraka kwa sababu mtu huona kazi ikisogea. Toleo la bure lina kikomo cha watu kumi katika eneo moja la kazi, na hilo linatosha vikundi vidogo vingi. Lakini someni masharti siku mnapojiunga, kwa sababu kampuni hubadilisha vikomo hivi mara kwa mara. Udhaifu wake ni hesabu: haifai kwa bajeti.

Asana, ClickUp, Monday.com na Jira. Hizi zina uwezo mkubwa zaidi: kalenda, michoro ya ratiba, ripoti za moja kwa moja. Jira ilitengenezwa hasa kwa ajili ya timu za watengeneza programu za kompyuta. Kwa watu saba wanaofundisha ushonaji, ni sawa na kukodi lori la kubebea debe moja la mahindi. Kama shirika kubwa mnaloshirikiana nalo linatumia mojawapo na limewafungulia nafasi, jifunzeni. Kama mnaanza wenyewe, hamna sababu ya kuanzia huko.

KoboToolbox. Wengi huiuliza kwa sababu wameiona kwa wafanyakazi wa mashirika. Ni chombo kizuri cha kukusanya taarifa kwa fomu, hata bila intaneti. Kazi yake ni utafiti na usajili. Haiwaambii nani anapeleka ripoti kesho.

Basi tuchague ipi?

Kama chini ya nusu ya wanakikundi wana simu janja, tumieni ubao ukutani kwa wote, na Google Sheets kwa katibu na mhazini. Kama karibu wote wana simu janja na mna shughuli mbili au tatu kwa wakati mmoja, jaribuni Trello kwa kazi na Google Sheets kwa fedha. Kama mmezidi watu kumi au mna wafadhili kadhaa, waulizeni washirika wenu kuhusu mafunzo, na uliza kama kampuni inatoa punguzo kwa mashirika yasiyo ya faida. Mara nyingi wataomba cheti chenu cha usajili, kwa hiyo hakikisheni usajili wenu wa kikundi wilayani haujaisha muda.

Akaunti iwe ya kikundi, isiwe ya mtu

Katika makazi yetu watu huondoka. Mmoja anapata safari ya kuhamia nchi ya tatu, na tarehe ikifika anakuwa na siku chache tu za kufunga mizigo. Mwingine anarudi nyumbani, anaolewa makazi mengine, anapata kazi Kampala. Simu huibiwa au huanguka majini. Kama akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake, siku hiyo kikundi kinapoteza mpango kazi, risiti na picha za mwaka mzima. Hata akiwa na nia njema, kumpata mtu aliye uwanja wa ndege akiwa na laini iliyokwisha zimwa si rahisi.

Fanyeni hivi tangu siku ya kwanza:

Fungueni barua pepe ya kikundi, yenye jina la kikundi, na muitumie kufungulia programu zote.

Wekeni wasimamizi wawili au watatu, angalau mmoja wao awe mwanamke, na ikiwa kikundi ni cha wakimbizi na wenyeji, wote wawakilishwe. Msimamizi mmoja peke yake ni hatari, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe laini inayotumika kila wakati. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Hapo msimbo wa kufungulia akaunti yenu utakwenda kwake.

Andikeni neno la siri kwenye karatasi, mlitie kwenye bahasha, mhazini alifungie pamoja na stakabadhi za kikundi. Msilitume kwenye kundi la WhatsApp.

Mtu akiondoka, mkabidhiane kama mnavyokabidhiana funguo za stoo: kazi zake zipewe mtu mwingine kwa jina, aondolewe kwenye programu, neno la siri libadilishwe, na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Hiyo si dharau kwake. Inamlinda yeye pia, asije akaulizwa mambo ambayo hakuyafanya.

Mambo yasiyopaswa kuandikwa humo

Programu ya kusimamia kazi ni ya kazi. Haifai kuhifadhi siri za watu. Mwaka 2018 vyombo vya habari viliripoti kwamba hata Umoja wa Mataifa ulikuwa umeacha maneno ya siri na nyaraka za ndani wazi kwenye Trello, Jira na Google Docs, ambako yeyote mwenye kiungo angeweza kuziona. Hakuna aliyevunja mlango. Mipangilio ya faragha ilikuwa imewekwa vibaya.

Kwa hiyo msiandike jina la mtu aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia, hali ya afya ya mtu, namba ya kesi ya ukimbizi, wala picha ya kitambulisho. Badala ya "Kumtembelea mama fulani, amepigwa na mumewe", andikeni "Ziara ya ufuatiliaji, Jumatano, kanda ya 3". Majina yabaki kwa mtu aliyepewa jukumu hilo, na kesi za ulinzi zipelekwe kwa shirika linalohusika kwa njia zake. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na inahusu hata vikundi vidogo vinavyokusanya taarifa za watu.

Baada ya kutengeneza ubao au faili, hakikisheni limewekwa kuwa la faragha. Jaribuni kufungua kiungo chake kwenye simu ya mtu asiye mwanakikundi. Likifunguka, rekebisheni mara moja.

Jaribuni kwa wiki nne

Msihamishe kazi zote siku moja. Chagueni shughuli moja ndogo, kwa mfano mafunzo ya mwezi mmoja, mjaribu kwa wiki nne kwa kanuni hizi:

Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Kazi ikiandikwa "wote", haina mwenyewe.

Kila kazi iwe na tarehe. "Karibuni" si tarehe.

Kila Jumatatu mkutane kwa dakika 20. Mmoja asome kwa sauti kazi zilizochelewa, na mhusika aseme anahitaji msaada gani. Lengo ni kusaidiana. Watu wakianza kuaibishwa kwenye kikao hicho, wataanza kuficha kazi zilizochelewa, na programu itakuwa imejaa uongo.

Asiye na simu janja apewe mwenzake wa kumwandikia. Atoe taarifa kwa mdomo au kwa simu ya kawaida, na mwenzake aandike siku hiyo hiyo.

Mwisho wa mwezi, katibu achapishe orodha au ainakili kwenye daftari. Hiyo ndiyo nakala yenu ya akiba siku mtandao ukizimwa.

Wiki ya nne ikiisha, ulizaneni: ni wangapi walifungua programu wiki hii bila kukumbushwa? Je, kuna kazi iliyosahaulika? Je, ripoti ilichukua muda mfupi kuliko zamani? Kama walioifungua ni katibu na mwenyekiti tu, programu hiyo haijawafaa, hata kama ni nzuri. Rudini kwenye ubao, au mjaribu nyingine rahisi zaidi. Kubadilisha baada ya wiki nne ni nafuu kuliko kubadilisha baada ya mwaka.

Mfadhili hatawapa fedha kwa sababu mnatumia Trello. Anachotaka kuona ni risiti zilizo mahali pamoja, tarehe zilizotimizwa, na mtu anayeweza kujibu swali bila kutafuta kwenye simu tatu. Wanachama wenu pia wanataka hicho hicho.

Kwa kikao chenu kijacho, njooni na karatasi kubwa moja na kalamu. Choreni safu tatu, andikeni kazi za mwezi huu, na mbele ya kila kazi jina la mtu mmoja na tarehe. Mkishamaliza hapo, mtajua wenyewe kama mnahitaji programu, na ya aina gani.